Amina Baada ya Wimbo wa Taifa

Madamu nilianza kumwonea wivu kabla sijamwona uso. Nilikuwa shambani ng'ambo ya bonde, napalilia maharage, upepo ukanigeukia ukaniletea watoto wa shule yetu wakiimba wimbo wa taifa. Nikasimamisha jembe. Wimbo ule ninaujua tangu nikiwa mdogo kule Ngara, na siku zote niliusikia ukiimbwa kama kazi ya kusukuma gari lililozimika, kila mtu na nguvu zake, mradi lifike. Asubuhi ile uliimbwa vingine. Ulianza chini, sauti mbilimbili, ukapanda taratibu, na hata wale watoto wetu ambao r na l kwao ni kitu kimoja walikuwa wanatamka vizuri. Na aliyeuanzisha, aliyetoa ile sauti ya kwanza peke yake kabla wenzake hawajapokea, alikuwa binti yangu.

Sauti ya mtoto wako huikosei. Binti huyu wa darasa la sita alikuwa amejitoa kwenye kwaya ya kigango chetu, kwaya ambayo mimi mama yake ndiye naisimamia, akisema koo linamuuma. Nilimchemshia tangawizi wiki nzima. Nilimfunga kitambaa shingoni. Kumbe koo lilikuwa zima kabisa, lilikuwa linamngoja mtu mwingine.

Nikauliza jioni ile, nikajifanya naulizia mambo ya kawaida. Akaniambia kuna mwalimu mpya, madamu, kapewa mstari wa asubuhi na kwaya ya shule. Nikamuuliza na koo je. Akasema madamu amewafundisha kupumua kwa tumbo, kwa hiyo haliumi tena. Nikasonya. Mimi namfundisha kupumua tangu siku aliyozaliwa.

Niseme hapa kwamba shuleni pale mimi sikuwa mtu wa kupita njia. Nilikuwa mwalimu wa dini. Serikali haina dini, hilo tunaliimba wote, lakini inatoa kipindi kimoja kwa wiki ili kila dini ije ifundishe watoto wake yenyewe, kwa gharama yake yenyewe. Kwa Wakatoliki wa upande huu wa Bisibo nilitumwa mimi. Nilikuja Alhamisi, saa ile ambayo walimu wenye mshahara wanakusanya mikoba yao. Watoto waligawanywa: wangu waliingia chumba cha darasa la nne, wa Kiislamu walimfuata ustadhi wao chumba cha jirani, na wa makanisa mengine walikaa nje kwenye kivuli cha ukuta na kijana wao mwenye gitaa. Ustadhi alikuwa mtu wa utani. Aliniambia mimi na yeye ni wageni wa kipindi kimoja, tukae kwa adabu tusije tukafukuzwa pamoja.

Miaka yote hiyo sikulalamika. Kipindi kimoja kilinitosha, kwa sababu nilijiambia hizo siku nyingine watoto wanafundishwa hesabu na kilimo, mambo ambayo hayagombani na yangu. Alipokuja madamu ndipo nilipofungua macho. Wimbo wa taifa ni nini kama si sala? Unaanza kwa kumwita Mungu, unamwomba baraka, unaombea viongozi, unaombea watoto. Bendera yetu haina msalaba wala mwezi, ni rangi tupu, lakini kila asubuhi inapopanda mlingoti chini yake kuna watoto wamesimama wima wanasali. Na anayewaongoza ni yeye. Mimi mwenye kazi ya Mungu ninaye Mungu siku moja kwa wiki, watoto wakiwa wamechoka na wanawaza ugali. Yeye mtumishi wa serikali anaye kila asubuhi, watoto wakiwa wamenawa nyuso. Roho iliniuma, haki ya Mungu.

Nilipomwona ikaniuma zaidi. Nilitegemea mtu wa kujishaua. Alikuwa binti mpole, mwembamba, anayepiga magoti kidogo akimwamkia mtu mzima kama tunavyofunzwa kwetu. Akanipa shikamoo, nikaitika marahaba kwa shingo upande. Familia yake asili yao ni Rwanda, wazee wake walihamia zamani wakapewa uraia, na yeye amekulia Benaco, kwenye mashamba yaliyoota mahali palipokuwa na kambi ya wakimbizi. Kanisani ni mlokole. Kuna watu walianza kunong'ona kuhusu asili yake, kwamba eti huyu ndiye wa kuwafundisha watoto wetu wimbo wa taifa. Kwenye hilo sikuingia. Wivu wangu ulikuwa msafi, haukuhitaji kuchanganywa na uchafu wa watu. Tena nilimsikia akiimba, na nikaona kwamba sisi tuliozaliwa nao wimbo ule tunauchukulia poa, na yeye anauimba kama kitu alichopewa mkononi akaambiwa atunze.

Nyumbani kwangu tulikuwa wawili tu. Mume wangu yuko Geita kwenye machimbo, anapiga simu akikumbuka. Kwa hiyo mtoto akibadilika, nyumba nzima imebadilika. Akaanza kufunga kitambaa kichwani kwa mtindo wa madamu, fundo likiwa nyuma. Akaacha sukari kwenye chai kwa sababu madamu hatumii. Kila sentensi ilianza na madamu amesema. Madamu amesema tusifagie kabla ya kunyunyiza maji. Mimi niliyemfundisha kushika ufagio nikawa naambiwa namna ya kufagia.

Kisha akaniletea lile ombi. Madamu ana nyumba ya mwalimu pale shuleni, ina chumba cha pili. Mwaka ujao wao ni darasa la saba, mvua zikinyesha bonde linajaa na watoto wa upande wetu wanakosa masomo. Madamu anaweza kukaa na wasichana wawili watatu, wasome pamoja jioni. Angependa kwenda. Nikamjibu kwamba mimi nilivuka mito mikubwa kuliko kile kijito na sikuhamia kwa mtu. Baada ya siku chache akarudia, nikakataa. Akamwambia baba yake kwenye simu, na baba yake, mtu ambaye hajui hata mtoto anavaa kiatu namba ngapi, akasema mwache aende, masomo ndiyo hayo. Nikakata simu nikamwambia mtoto salio limeisha.

Nilichokataa hasa sikumwambia. Nilijua akihama hatarudi. Mwili ungerudi likizo, ukala, ukalala, lakini yeye angekuwa wa kule. Nilikuwa nimeshaanza kumkosa akiwa bado anakula kwenye sufuria yangu.

Sasa katika kipindi changu cha Alhamisi nilikuwa nawafundisha watoto wa Komunyo ya kwanza habari ya sala. Kwetu katika kigango, tulivyolelewa na makatekista wa zamani kule Ngara, sala haiachwi wazi. Ukishamwita Mungu huwezi kugeuka ukaondoka tu kama mtu aliyebisha hodi akakimbia. Unafunga na Amina. Hata mtoto akiombea chakula haraka haraka kwa njaa, Amina haikosi. Ndipo katoto kamoja ka mbele kakaniuliza kama wimbo wa taifa nao ni sala. Nikasema ndiyo, ni sala kabisa. Kakauliza mbona hauna Amina. Nikasema basi ninyi itikieni.

Wakaitikia. Asubuhi iliyofuata watoto wangu walipomaliza wimbo wakatia Amina, na wa ustadhi kwa kuwa nao husema hivyo hivyo wakajiunga, na wa yule kijana wa gitaa wasingebaki nyuma. Kabla ya Alhamisi nyingine shule nzima ilikuwa inafunga wimbo wa taifa kwa Amina moja nzito. Walimu hawakuona ajabu, wengi wao wamelelewa kama sisi. Madamu mwenyewe, mlokole, aliipenda, akaipangia sauti. Mimi nikiwa shambani nilikuwa nasimamisha jembe kila asubuhi kungoja neno hilo tu. Wimbo mzima ulikuwa wake, lakini neno la mwisho lilikuwa langu, na moyo wangu ulikuwa unatulia hapo kidogo, kama kidonda kilichopakwa mafuta.

Likaja jambo la sherehe. Mradi wa maji ulikuwa unazinduliwa Nyakahura, kiongozi mkubwa anakuja, na shule yetu ikachaguliwa kuimba wimbo wa taifa mbele yake. Sifa ya madamu ilikuwa imeshavuka kata. Mtoto wangu hakulala kwa furaha. Mimi nikamfulia sare, nikaipiga pasi ya mkaa, nikamwambia asimame wima. Kuhusu aliyewafundisha sikusema neno.

Siku ya mazoezi ya mwisho, ambayo iliangukia Alhamisi, alikuja afisa kutoka wilayani kukagua. Mwanamume wa makamo, nadhifu, mwenye sauti ya upole. Mimi nilifika mapema kwa ajili ya kipindi changu nikasimama pembeni karibu na mlango wa darasa la nne. Watoto wakapangwa, madamu akainua mikono, binti yangu akaanzisha. Yule afisa alifumba macho kidogo, nikaona amependa. Wakafika mwisho. Wakatia Amina.

Afisa akafumbua macho. Akauliza hiyo ya mwisho ni nini. Akamgeukia mwalimu mkuu, mwalimu mkuu akamgeukia madamu, na madamu akaangalia viatu vyake. Afisa akaeleza bila kelele kwamba wimbo wa taifa hauongezwi wala haupunguzwi. Ni wa wanaosali hivi, wanaosali vile, na wasiosali kabisa, na ukiufunga kwa Amina umeugeuza wa kanisani. Akasema serikali haina dini, wananchi ndio wenye dini. Mbele ya kiongozi mkubwa kitu kama hicho kingeleta maswali, na maswali yangemfikia yeye. Akasema heri achukue shule nyingine, ya pale pale Nyakahura, waimbe kama wanavyoimba watu wote. Na akataka kujua ni mwalimu gani aliyewafundisha watoto kuuchezea wimbo wa taifa.

Madamu akafungua mdomo. Kabla hajasema, binti yangu akatoka mstarini.

"Ni mimi," akasema. "Mimi ndiye niliyeanzisha, wenzangu wakanifuata. Madamu alikuwa anatukataza."

Uongo mtupu, na aliusema bila kupepesa macho. Mtoto huyu. Mbuzi wetu alipokula mahindi ya jirani na jirani akaja kufoka, mtoto huyu huyu alinyoosha kidole na kusema mama ndiye hakumfunga. Kwa sababu ya mbuzi alinitoa kafara. Na sasa alikuwa amesimama mbele ya serikali anabeba kosa la mtu mwingine, kidevu juu, na machozi yanamlengalenga kwa ajili ya madamu. Nilijiuliza ni lini amewahi kunilinda mimi hivyo, na sikupata siku.

Watu wengi walinisifu baadaye kwa nilichofanya. Wakasema nina moyo. Hawajui. Nilitembea mpaka katikati ya uwanja kwa sababu sikuweza kuvumilia Amina yangu igawanywe kati ya wale wawili, mmoja amebeba lawama na mwingine anahurumiwa, na mimi nimesimama mlangoni kama mpita njia. Ilikuwa yangu. Hata lawama yake ilikuwa yangu.

"Ni mimi niliyewafundisha," nikasema. "Mimi ni mwalimu wa dini. Na huyo ni mwanangu, anadanganya."

Afisa akaniamkia kwa heshima, akanisikiliza. Nikamwambia kwamba hata wao sherehe zao hufungua kwa sala, shehe anaomba, padri anaomba, mchungaji anaomba, na wote tunaitikia. Akasema ni kweli, na kila mmoja anaomba kwa jina lake, kwa zamu yake, na ukimaliza kuitikia unajua umeitikia sala ya nani. Lakini wimbo hauna zamu, mama, ni wa wote kwa pamoja. Nilichukia kwamba alikuwa ananiita mama kwa adabu hivyo. Mwisho akaamua: watoto wataimba, madamu ataongoza, Amina inatoka. Kuhusu mimi hakuamua kitu. Ni mwalimu mkuu ndiye aliyenivuta pembeni akaniomba kipindi cha dini kisimame mpaka sherehe ipite, kwa Wakatoliki tu. Ustadhi aliposikia aliniambia amenisikitikia, akaongeza kwamba yeye atajitahidi kukaa kwa adabu. Sikucheka.

Madamu akanikimbilia getini. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili akanishukuru. Nikautoa mkono wangu taratibu, nikasema sikufanya kwa ajili yako. Akasema anajua. Sijui alijua nini.

Njiani kurudi nyumbani mtoto alitembea mbele yangu. Tulishuka bondeni, tukavuka kijito kwenye mawe, hakugeuka. Nikamuuliza kwa nini amemdanganya mtu mzima. Akasema madamu angeondolewa kwenye kwaya. Nikamuuliza na mimi je, hukuona kwamba mimi ndiye niliyeondolewa.

Akafikiri. Alifikiri kweli, hakuwa anajibu kwa jeuri. "Wewe hawawezi kukuondoa, mama," akasema. "Wewe hawakukuajiri."

Nilikaa na neno hilo mpaka siku ya sherehe na sikujua ni tusi au ni sifa.

Nyakahura siku hiyo ilijaa. Ng'ombe waliokuwa wanapelekwa mnadani walikatizwa njia wakarundikwa kando ya barabara, malori yakasimamishwa, wauza nyanya wakahamisha mafungu yao. Chini ya turubai walikaa wakubwa kwenye viti vya plastiki vilivyofunikwa vitambaa. Sisi wengine tulisimama nje ya kamba. Mshereheshaji akawaita viongozi wa dini, wakaomba kwa zamu kama afisa alivyosema, na nilimwangalia: alikuwa anaitikia Amina kila zamu, kwa sauti. Kwa Wakatoliki aliitwa katekista kutoka mahali pengine. Mimi ninayekaa jirani tu hakuna aliyenikumbuka. Nikameza na hilo.

Kisha tukaambiwa tusimame wima. Kwaya ikatoka, sare nyeupe, na mwanangu mbele. Madamu akasimama ametupa mgongo. Nilitaka mtoto akosee, Mungu anisamehe, akosee kidogo tu, atafute uso wangu katikati ya watu. Hakukosea. Ile sauti ya kwanza ilitoka peke yake, ikapanda juu ya turubai na juu ya ng'ombe, na mama mmoja aliyesimama karibu nami mwenye mtoto mgongoni akaanza kufuta macho. Sikuwahi kumsikia akiimba hivyo kanisani. Kanisani aliimba vizuri, na mimi nikimwongoza, lakini hivyo hapana. Huo ndio ukweli na nitakufa nao. Walipomaliza, madamu alifunga kiganja, na midomo yote ikafungwa pamoja.

Kiongozi mkubwa alipopewa nafasi ya kuzungumza, kabla ya habari za maji akauliza yule mtoto aliyeanzisha wimbo yuko wapi. Wakamleta. Akamsifu, akamuuliza darasa, kisha akamuuliza, kama wakubwa wanavyopenda kuuliza wakiwa na furaha, anataka apewe nini. Watu wakaanza kumsaidia kwa kelele. Sema baiskeli. Sema taa ya sola. Sema shule ijengewe bweni. Yeye akashika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Naomba mama yangu anikubalie nihamie kwa madamu mpaka nimalize darasa la saba."

Mambo ya ndani ya nyumba yangu, mambo niliyoyafungia kwa kukata simu, yalikuwa yametoka kwenye spika mbili kubwa mpaka barabarani. Kiongozi akacheka kidogo, akauliza mama huyo yupo. Kidole kimoja kikanionyesha, vikafuata vingine, na mgambo akainua kamba. Nikapita chini yake nimeinama, kitenge kinataka kunianguka.

Madamu alikuwa amesimama karibu na mtoto, uso umempauka. Akaninong'oneza kwamba hakumtuma, hakujua kabisa. Nikamwamini papo hapo, na hilo likaniudhi. Ningekuwa na nafuu kama angekuwa mjanja.

Nikamwangalia kiongozi nikangoja amri. Niseme wazi kwamba niliingoja kwa hamu. Akisema mpeleke mtoto, mimi nitampeleka, nitalia, na maisha yangu yote nitasema serikali ilininyang'anya mwanangu mchana kweupe pale Nyakahura. Ningekuwa na wa kumlaumu mpaka kaburini. Akaniangalia, akamwangalia mtoto, akatikisa kichwa.

"Hapa mimi siingii," akasema. "Serikali haimchagulii mtu dini, na mtoto alale nyumba gani haimchagulii mama yake. Mama, neno ni lako."

Akanipa kipaza sauti. Kilikuwa kizito kuliko nilivyodhani. Mbele yangu watu, nyuma yangu wakubwa, na upande wangu yule mtoto, amesimama wima vile vile alivyosimama akiimba, hanishawishi, haniombi kwa macho. Nilikuwa na hapana tayari mdomoni. Ningeisema na hakuna ambaye angenipinga, ilikuwa haki yangu mbele ya Mungu na mbele ya bendera. Ningerudi naye nyumbani jioni ile. Angewasha moto, angechota maji, angelala amenipa mgongo, na kila asubuhi upepo ukigeuka angeinua kichwa. Ningekuwa naye ndani ya nyumba na ningemkosa kila siku.

"Aende," nikasema. Sauti yangu ikarudi kwangu kutoka kwenye spika kama ya mtu mwingine. "Lakini kanisani Jumapili atakuja na mimi."

Watu wakacheka, wakapiga makofi, vigelegele vikapigwa upande wa wauza nyanya. Afisa yule nadhifu alipiga makofi pia. Madamu akainamisha kichwa akifuta machozi kwa ncha ya kitambaa chake. Alikuwa amesimama hatua moja tu kutoka kwa mtoto, angenyoosha mkono angemgusa. Mimi nilikuwa mbali, upande wa pili wa meza yenye maua, na kipaza sauti bado mkononi.

Mtoto akamgeukia madamu. Nikajiandaa. Kisha akampita, akazunguka meza, akaniparamia kifuani kwa nguvu hadi kipaza sauti kikapiga mlio, na wakubwa wakaziba masikio. Nikamshika. Juu ya kichwa chake nilimtafuta madamu kwa macho, nikahakikisha ameona.